Kocha Hakuwa na Filimbi

Wacha nianze na hii ndio roho itulie kidogo: Kocha hakuwahi kuwa na filimbi. Hata siku moja. Kwa hivyo kila mtu aliyekaa kwa ule ukumbi kule Homa Bay akacheka aliposikia ati "kulikuwa na mzee fulani huko Migori wa kupiga filimbi," ajue alicheka uongo. Na kama ulikuwa hapo, na ulicheka, na sasa unasoma hii, basi ni wewe ninakuongelesha. Kaa chini usome.

Usiniulize alizaliwa wapi, baba yake ni nani, shule aliachia darasa gani. Sijui. Ukimuuliza kitu kama hiyo alikuwa anakujibu, "Mpira uko wapi?" na ukiangalia chini, kweli, mpira haupo, mtu ameshakunyang'anya. Jina lake liko kwa kitambulisho. Sisi tulimwita Kocha, wazazi wetu walimwita Kocha, na hata mke wake, tunayemwita Mama, alikuwa anaita kutoka jikoni, "Kocha, maji imechemka."

Badala ya filimbi alikuwa na makofi. Viganja vyake ni vikubwa kama vibao vya kukatia nyama. Kofi moja, simama. Makofi mawili, rudini nyuma. Akipiga mfululizo bila kuacha, huyo amekasirika, na hapo hata watu waliokuwa wanakata miwa ng'ambo ya barabara walikuwa wananyoosha mgongo waone ni nani ameharibu. Alisema filimbi ni ya polisi na ya mwalimu wa zamu. "Mtoto akisikia filimbi anaogopa. Mimi sitaki mtu wa kuogopa, nataka mtu wa kusikia."

Halafu huyo huyo aliyesema hataki tuogope alikuwa anatutukana mpaka unatamani ardhi ipasuke uingie. Hiyo ndiyo shida ya kumweleza huyu mtu. Ukisema jambo moja juu yake, lingine linakuja nyuma linalipiga teke.

Hakutuita kwa majina. Alituita kwa nambari ya jezi, hata miaka ile hatukuwa na jezi. Mimi ni Mbili, beki wa kulia. Mpaka leo nikiwa barabarani na pikipiki yangu, nyuma nimebeba mama mzima na kuku wake, Kocha akiniona kutoka ng'ambo lazima aite, "Mbili! Mbona umelegea hivyo?" Juzi abiria mmoja akaniuliza, "Kijana, Mbili ni nini?" Nikamwambia mama, kama hutaki kubebwa na Mbili, shuka. Hakushuka.

Timu yetu ilikuwa ya Wajaluo na Wakuria, na huku kwetu karibu na mpaka hiyo si kitu ya kusema haraka haraka. Kuna misimu ng'ombe wakipotea watu wanaanza kuangaliana vibaya sokoni. Kocha aliweka sheria moja: ukiingia uwanjani, Dholuo unaiacha nje, Kikuria unaiacha nje, ndani ni Kiswahili. Hakutaka mtu anong'oneze mwenzake kitu ambacho wa tatu hasikii. Na Kiswahili chenyewe alichokuwa nacho! "Wewe Mbili iko wapi? Mpira inapita hapa, wewe iko kwa harusi?" Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani alikuwa akipita anashika kichwa. Lakini hiki Kiswahili ninachokuandikia sikukipata kwa mwalimu. Nilikipata pale, nikitukanwa.

Kipa wetu, Moja, alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, amekuja kukaa na baba yake karibu na sisi. Baba hakutaka kusikia habari ya mpira. Ng'ombe zitachungwa na nani? Kocha akafunga vifungo vya shati akaenda kwao. Sisi tukajua leo ni vita. Jioni tukaona vumbi, tukaona ng'ombe, nyuma ya ng'ombe tukaona Kocha na fimbo, na nyuma ya Kocha, kipa. Wamekubaliana: Moja anadaka, Kocha anachunga.

Basi ikawa hivyo. Mazoezi inaendelea, Kocha yuko nyuma ya goli na fimbo, jicho moja kwa ng'ombe, jicho moja kwetu. Siku moja sisi mabeki tulicheza vibaya sana, akatukasirikia na macho yote mawili, na ng'ombe zikaingia kwa miwa. Walinzi wa shamba wakamchukua, yeye na ng'ombe. Tulipomfikia alikuwa amekaa kwa jiwe, mlinzi anamuuliza kwa ukali, "Mzee, hii ng'ombe ni ya nani?" Na Kocha anajibu bila kumwangalia, "Ya kipa." Mlinzi akachoka, akatuachilia. Tulidhani Kocha atasema asante kwa kumfuata. Alimgeukia Moja akasema, "Kwa nini uliacha mlingoti ya karibu wazi?"

Kanisani Kocha ni mzee wa kanisa. Anakaa mbele, akisimama kuomba watu wanajua chakula kitapoa. Akihubiri, uchawi haupo, ni ujinga, ni shetani anacheza na watu wavivu. Siku ya mechi ya ugenini, huyo mzee wa kanisa hapiti getini. Anatupitisha kwa tundu la ua, kwa shamba la mahindi, mara moja kupitia nyuma ya choo cha shule, sote tumeinama na viatu mkononi, kwa sababu ati hapo getini wamemwaga kitu. Nikamuuliza, "Kocha, si ulisema uchawi haupo?"

"Haupo."

"Sasa?"

"Sasa kwa nini uikanyage?"

Lakini kuna siku moja ambayo sijawahi kucheka nikiikumbuka. Winga wetu wa kushoto, Kumi na Moja, alienda Rusinga kwa mjomba wake, wakatoka kuvua, ziwa likamchukua. Tulipomzika, Kocha alitaka tumchezee mechi pale nyumbani kwao, kwa malisho ya ng'ombe, na vijana wa Mbita wakaja kucheza na sisi. Kocha akaingiza uwanjani wachezaji kumi. Hakuweka mtu wa akiba. Upande wa kushoto ukabaki wazi, na wale vijana wa Mbita, ambao si wajinga, wakawa wanapita hapo kama barabara ya lami. Wakafunga. Nilikasirika, nikaacha nafasi yangu nikakimbia kule kuziba. Makofi mawili. Nikajifanya sijasikia. Makofi mawili tena. Akaniita, sauti ya chini, "Mbili. Hapo pana mtu. Rudi kwako."

Nikarudi. Wakafunga tena. Sikuwahi kufungwa vizuri hivyo.

Sasa mwamba. Hii uishike vizuri, kwa sababu ndiyo ilileta fujo.

Goli zetu zilikuwa za miti, na ukiziacha nje usiku, asubuhi unakuta zimepika ugali ya mtu. Kwa hivyo kila jioni tulizing'oa tukazipeleka nyumbani kwa Kocha. Milingoti ilibebwa na watu wawili wawili. Nyavu zilibebwa na yeyote. Lakini mwamba wa goli, ule mti mrefu unaolala juu ya milingoti, ulibebwa na mtu mmoja peke yake, begani, kutoka uwanjani mpaka kwa Kocha, unapita katikati ya soko watu wakikupisha. Mtu huyo alichaguliwa na Kocha. Hakusema neno. Alikuwa anakuonyesha kwa kidevu tu. Na ukishaweka mwamba chini, wengine wanaenda kwao, wewe unaingia ndani, unanawa, unakula na Kocha meza moja, Mama anakupakulia omena, wale dagaa wa ziwa, mpaka unaomba radhi.

Hakuwahi kueleza kwa nini huyu na si yule. Lakini sisi tulijua. Alikuwa ni yule aliyecheza vizuri kuliko wote siku hiyo. Kusifu kwa mdomo hakujua. "Ukisifu mtoto anakaa chini," alisema, kama ndio sababu ya kutosha kunyima watu neno tamu miaka yote. Mwamba ndio ulikuwa mdomo wake. Mimi kuna siku nimetoka na damu puani, nimeziba kila kitu, nimejisogeza pale kwa mwamba kama mtu ambaye anapita tu. Kidevu kikanipita. Kikaenda kwa Kumi. Kesho yake Kumi. Wiki ijayo Kumi. Sijawahi kuubeba ule mti maisha yangu yote, na nikikuambia hainiumi, nami nitakuwa nimecheka uongo.

Kumi mnamjua. Sitamtaja, lakini mliokuwa kwa ukumbi mnamjua. Alitoka kwetu akaenda Nairobi, akaenda nje, akarudi na goti bovu, tumbo, na gari kubwa, sasa anakaa Kisumu. Mashabiki wa Homa Bay walipopanga ile jioni ya kukutana na wachezaji wa zamani na makocha wa vijana, yeye ndiye alikuwa nyama, hao wengine walikuwa mchuzi. Kocha hakualikwa. Nani angemwalika? Alisikia kwa watu, akanifuata mahali nasimamisha pikipiki akasema, "Kumi atakuwa Homa Bay. Nipeleke."

Nilimbeba kutoka Migori kupitia Rongo. Alivaa koti lake la mazishi na viatu vilivyong'arishwa, na njia nzima alikuwa ananifundisha kuendesha. "Angalia kushoto. Kushoto, Mbili! Kwani shingo iliuzwa?" Tulifika jua bado liko juu ya ziwa. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, wachezaji wa zamani wamekaa. Pembeni, makocha wa vijana na tracksuit mpya zinazolia wakitembea, kila mmoja mshereheshaji anamwita kwa jina, watu wanapiga makofi. Kocha wetu? Walimwekea kiti nyuma kabisa, karibu na kreti za soda. Nilitaka kuongea hapo hapo. Akanishika mkono. "Hapa naona vizuri," akasema. Alikuwa anamwona Kumi. Hakuwa anaangalia kitu kingine.

Maswali yakaanza, na mashabiki wetu hawana huruma. Mama mmoja anayeuza samaki ufuoni alisimama na leso yake, "Wewe Kumi, ile penalti ulipiga ikaenda juu, ulikuwa unamlenga nani? Malaika?" Watu wakaanguka. Kumi akajibu, "Mama, nilikuwa nakurushia wewe, ulikuwa unauza mbali." Nakubali, alikuwa anajua kuongea. Hata mimi nilicheka.

Halafu msichana mmoja wa timu ya shule akauliza kwa adabu, "Ningependa kujua, ni nani alikufundisha ulipokuwa mdogo?"

Nikamgusa Kocha kiwiko. Nilijua sasa ndio sasa. Kocha akajiweka sawa kwa kiti.

"Niseme ukweli?" Kumi akasema na maikrofoni. "Nilijifundisha peke yangu. Kulikuwa na mzee fulani huko Migori wa kupiga filimbi. Kazi yake na mimi ilikuwa moja. Kila jioni ananibebesha mti kama punda, napita nao sokoni, wasichana wananiangalia. Wengine wanaenda nyumbani, mimi punda! Huyo mzee hakunipenda hata kidogo."

Ukumbi ukacheka. Na nyinyi mlicheka. Nikageuka, nikaona Kocha pia anacheka, na hicho kicheko ndicho kilinichoma.

Nikasimama. Sikuomba maikrofoni, sauti Mungu alinipatia.

"Filimbi gani? Wewe Kumi! Filimbi gani?"

"Ndugu, tafadhali, ngoja zamu yako," mshereheshaji akasema.

"Wewe nyamaza, hii haikuhusu! Kumi, ulibebeshwa ule mwamba kwa sababu ulikuwa mzuri kutushinda sisi wote, mjinga wewe! Timu nzima ilijua. Mimi nililia kwa sababu ya ule mti! Muulize mwenyewe, yuko hapa nyuma, wamemweka na soda!"

Vichwa vyote vikageuka. Kumi akainuka kwa meza, akaweka mkono juu ya macho kwa sababu ya taa. Alipomwona, uso wake ukabadilika. Lile tumbo, lile gari, yote yakatoka. Hapo ndipo nilielewa hakuwa anachekesha watu. Alikuwa anaamini. Miaka yote hiyo, uwanja hadi uwanja, mtu mzima ametembea na hiyo kitu kifuani, kwamba Kocha hakumpenda.

"Kocha?" akasema. Maikrofoni ilichukua hiyo sauti, na ilikuwa nyembamba. "Kocha, ni kweli?"

Kocha akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Nikasema Mungu wangu, sasa atasema. Neno moja tu. Ndio. Si hata sentensi.

"Mwamba ilikuwa nzito," Kocha akasema. "Nilikuwa nataka mtu ako na mabega."

Akakaa.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kumi naye akacheka, lakini kwa meno tu. Akaweka maikrofoni juu ya meza, akaambia mshereheshaji ana safari ya Kisumu, akatoka kwa mlango wa pembeni kabla ya chakula. Alipita karibu na mimi. Macho yalikuwa mekundu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika, zote mbili kwa mkono mmoja.

Nikamtoa Kocha nje.

"Kocha, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Mtu amekuuliza mbele ya watu! Neno moja!"

"Ungetaka mtu mzima alie mbele ya mashabiki?"

"Angelia vizuri! Angelia, aende nyumbani akiwa mtu!"

"Na wewe nani alikutuma kusimama?" akanirudia. "Beki hapandi mbele bila kuambiwa."

Tukashuka ufuoni kutafuta samaki kabla ya kurudi. Kuna mama mwingine anakaanga pale, si yule wa ukumbini. Kocha akakaa kwa benchi, akaagiza ngege, na sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilitaka kurarua shati. Akaanza kumwambia huyo mama! "Ulimwona yule mrefu alitoka hapo juu na gari? Yule. Huyo mpira ilikuwa inamtii. Mvua inanyesha, uwanja ni matope, yeye anapita kama mtu ako kwa sebule yake. Nimefundisha watoto wengi. Sijaona mwingine." Akaendelea. Akataja magoli mimi nilikuwa nimesahau. Mama anageuza samaki, mafuta inaruka, hana habari. "Jaduong', mzee wangu, nikuwekee pilipili?"

"Mwambie yeye!" nikapiga kelele. "Unamwambia mama wa samaki kwa nini? Mwambie mwenyewe!"

"Simu iko nyumbani kwa Mama," akasema. Na ni kweli, simu yake huwa haitoki nyumbani, anasema ni ya nyumba.

Nikatoa yangu. Namba ya Kumi nilikuwa nayo tangu zamani, huwa hashiki. Nikapiga. Ikalia, ikalia, nikawa tayari kumtukana hata kama hasikii. Akashika. Nikaweka sauti juu, nikamsukumia Kocha simu.

"Hello? Nani?"

Kocha aliishika kwa mikono yote miwili, mbali na uso, kama mtu amepewa sahani ya moto.

"Nani huyu?"

"Ni mimi."

Upande ule gari tu inanguruma.

"Kocha."

"Uko wapi?"

"Napita Kendu Bay."

"Giza inaingia."

"Naona, Kocha."

"Washa taa."

"Zimewaka."

Nilikuwa namfinya kwa mkono, nanong'ona, sema, sema basi, sema! Akanisukuma na kiwiko.

"Ukifika," akasema, "piga."

"Kwa hii namba?"

"Kwa hii."

Simu ikakatika.

"Ndio hiyo tu?" nikasema. "Kocha, ndio hiyo tu? Nimekubeba kutoka Migori, nimeaibika mbele ya Homa Bay yote, ndio uje uulize kama ameweka taa?"

Mama akaleta samaki, mzima, na ugali yenye moshi. Kocha hakugusa. Alikuwa ameweka simu yangu kando ya sahani, kiganja juu yake. Ikalia. Aliichukua haraka mpaka mchuzi ukamwagika, akaweka sikioni, akasikiza, uso ukaanguka. "Mbili hayuko," akasema, akakata.

"Huyo ni abiria wangu! Kocha, hiyo ni kazi yangu unakata! Nipe simu, tule, twende, njia ni ndefu."

Akaifungia ndani ya koti, upande wa kifua, akafunga na kifungo.

"Kaa chini," akasema. "Mtoto hajafika."